Alama Kwenye Mlango wa Bibi Marta

Mlango uliletwa Jumamosi, umelazwa juu ya magunia ya mkaa kwenye fuso linalotoka Maneromango, na dereva aliniomba radhi kwamba bawaba moja imedondoka njiani, kule Mzenga ambako mvua imeikata barabara. Nilimwambia haidhuru. Vijana wawili waliushusha wakauegemeza kwenye ukuta wa uani, upande wa nje ukiwa umegeukia ukutani, na mimi nikawashukuru na kuwapa maji ya kunywa bila kuwaomba waugeuze. Bibi Marta alikuwa na wiki tatu kaburini. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kugawana sufuria, kitanda na majembe yake, ndipo mpwa wake akanipigia simu kusema kuna kitu kimoja marehemu aliagiza kije kwangu Kibaha. Alisema nyumba nzima wanashangaa, maana ni mlango wa zamani tu, tena umechafuliwa na rangi.

Fundi niliyemwita aje kuutazama alikuwa ametoka kupaka geti la jirani. Alipoweka kopo lake chini na kulibandua kifuniko, harufu ya rangi ya mafuta ikanijia nikalazimika kukaa kwenye ngazi. Wapo watu ambao rangi mbichi inawakumbusha Idi, au nyumba mpya, au harusi. Mimi inanikumbusha Ijumaa moja. Nilimwambia fundi arudi wiki ijayo, kwa sababu kesho yake, Jumapili, baba angekuja kula chakula cha mchana, na Jumatatu baba alikuwa na safari yake. Alikuwa amempata mtu aliyemtafuta kwa miaka mingi, mzee mmoja mstaafu anayefuga kuku huku huku Kibaha, na alikuwa anakwenda kumfungulia mashtaka kwa kosa ambalo mzee yule hakulitenda. Hilo nililijua mimi, na kaka yangu Idrisa kwa sehemu, na Bibi Marta. Sasa Bibi Marta hayupo.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Mlandizi, nyumba ya mbele kabisa, barabara kuu ikipita hatua chache kutoka barazani kwetu. Baba alikuwa karani, mama alishona nguo barazani, Idrisa alikuwa kidato cha tatu na alijiona amemaliza kila kitu cha kujua. Siku moja baba alirudi na kompyuta iliyochakaa, ile yenye kioo chenye mgongo mkubwa, ambayo ofisini walikuwa wanaitupa. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameacha gemu moja ndani yake. Ilikuwa ya Kiingereza na jina lake hatukuweza kulitamka vizuri, tukaiita Ngome.

Nimecheza magemu mengi tangu siku hizo, na wanaonifahamu wanajua nina maneno mengi juu yake kuliko inavyompasa mama wa mtoto mmoja. Sipendi gemu ya kukimbizana na kupiga risasi. Napenda zile za kupanga, za miraba, ambazo unakaa na shavu mkononi unawaza nani asimame wapi. Napenda pia zile za hadithi, ambazo unampa mtu jina na kumchagulia majibu, hadi unajikuta unamwonea aibu kama ndugu. Lakini zote nazipima kwa Ngome, na sijui kama ni haki, kwa sababu Ngome niliicheza nikiwa na miaka tisa na niliiamini.

Ilikuwa na mji mdogo wa nyumba kumi na mbili na kilima pembeni. Maadui walikaa kilimani na mtambo wa kurusha mawe. Uzuri wake, na hili Idrisa alilirudia kama mwalimu, ni kwamba adui hakukuvizia. Kabla ya kurusha, alama nyekundu ya X ilitokea juu ya nyumba atakayoipiga, na wewe unapewa zamu moja ya kufanya unachoweza. Idrisa alisema gemu nzuri ni ile inayokuonyesha adui anataka nini, halafu inakuacha na akili yako. Hadi leo sijasikia maelezo bora zaidi, na yalitoka kwa kijana aliyevaa kaptura iliyotoboka.

Tulikuwa na wapiganaji wanne. Idrisa aliwapenda wenye panga, aliwakimbiza kilimani na nusu ya mji ikabomoka nyuma yake. Mimi nilimpenda mmoja tu, mshika bendera, mtu dhaifu asiye na silaha yoyote. Kazi yake ilikuwa moja. Akisimama karibu na nyumba yenye alama, aliweza kuifuta na kuiweka kwenye nyumba ya jirani. Ukiiweka kwenye nyumba ambayo watu wamekwisha kutoka, jiwe liliangukia pale, vumbi likatimka, halafu maandishi yakatokea chini ya kioo. Idrisa alinitafsiria kwamba yanasema hakuna aliyepotea. Nilikuwa nikiyasubiri maandishi yale kama wenzangu wanavyosubiri kengele ya kwenda nyumbani.

Watu wa kupanua barabara walikuja asubuhi moja, wanaume watatu wenye makoti ya kung'aa. Mmoja alivuta futi, mmoja alishika daftari, mmoja alikuwa na kopo na brashi. Mwenye futi alisoma, mwenye daftari aliandika, na mwenye brashi akapanda kwenye baraza letu bila kubisha hodi na kupiga X kubwa ukutani, juu ya kichwa cha mama aliyekuwa kwenye cherehani yake. Rangi ilikuwa nyepesi, ikachuruzika mistari mirefu hadi chini. Nyumba ya Bibi Marta, iliyopakana na yetu lakini imerudi nyuma kidogo, waliipita. Mwenye daftari simkumbuki hata sura, kwa sababu wakati wote macho yangu yalikuwa kwa mwenye brashi. Niliona kwamba yeye ndiye mwenye nguvu.

Baada ya hapo nyumba yetu ilibadilika. Baba alikwenda ofisi moja na nyingine, akirudi anakaa barazani mgongo wake ukiwa umeiegemea ile alama, kana kwamba anaificha. Walikuwa wamempa mwezi mmoja. Mama alimwuliza tutahamia wapi, akajibu kwamba hatuhami, hii nyumba ameijenga tofali kwa tofali na wataibomoa akiwa ndani. Nilimsikia akilisema hilo kwa sauti ya chini, bila hasira, na nikaamini kila neno. Niliona kabisa baba ameketi kitandani na jiwe linashuka. Nikawa siwezi kula vizuri.

Wiki ya pili nilipata jibu, na nakumbuka furaha yake. Bibi Marta alikuwa kwao Maneromango kwa ajili ya korosho. Kila msimu alikwenda, akafunga mlango kwa kufuli na kutuachia kuku wake tuwalishe. Alikuwa Mlutheri, mjane, mumewe alimwachia nyumba ile ndogo ya matofali, na asubuhi tulimsikia akiimba nyimbo za kanisani kwao huku akifagia. Idi alikula kwetu, Krismasi tulikula kwake. Mimi aliniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu, akidai kwamba mumewe alikufa kabla hajanilipia mahari na sasa kazi zote za nyumba ni zangu. Nilimpenda kuliko bibi zangu wa damu, ambao sikuwajua. Sikuwaza kumdhuru hata kidogo. Niliwaza kwamba nyumba yake haina mtu ndani.

Ijumaa mchana baba na Idrisa walikuwa msikitini na mama alikuwa amekwenda kutia vifungo kwa mteja. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka nondo za madirisha. Nilianza na ukuta wetu. Nilisimama juu ya kinu, nikasugua X kwa gunzi na mafuta ya taa hadi vidole vikawaka, na palipogoma nikapaka chokaa juu yake. Halafu nikabeba kopo hadi kwa Bibi Marta. Lilikuwa zito, nikashindwa kubeba na kinu, hivyo nilisimama chini na kupaka mlangoni usawa wa bega langu, mkono nimeunyoosha mbele. Kuku wake walinifuata wakidhani nawaletea mtama.

Baba aliporudi kutoka kuswali alisimama barabarani na kanzu yake, akiutazama ukuta, kwa muda mrefu kiasi kwamba lori lilimpigia honi. Kisha akaingia ndani akamwambia mama, "Wamefuta." Mama alitoka, akashika ukuta, akamshukuru Mungu, na hapo hapo akageuka akaona mlango wa jirani. Akaziba mdomo kwa kanga.

Mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza barabara gani inaruka nyumba ya mbele ikaifuate iliyorudi nyuma. Angeona pia jinsi ile alama ilivyokaa chini. Lakini baba alikuwa hajalala wiki mbili, na kabla hata hajavua kanzu alikuwa amekwisha kupata maelezo. Upande wa Bibi Marta maji hutuama, alisema, wamerudi wakapima upya, wameona pale panataka kalavati. Alieleza vizuri sana. Kesho yake, Jumamosi, tulikula pilau. Mama alitia nyama hadi nikashangaa, na baba alicheka kwa jambo fulani alilosema Idrisa, na mimi nikala sahani mbili nikijua ni kazi yangu.

Idrisa ndiye aliyenishika mkono baada ya kula, akaunusa. "Mikono yako inanuka nini wewe?" Nikamweleza yote kwa fahari. Kwanza alicheka, nikaona meno yake yote, halafu kicheko kikakatika na akaanza kukwaruza meza kwa ukucha. Alijaribu kunieleza kwamba alama ya kwenye gemu na alama ya ukutani hazifanani, lakini hata yeye alipofika katikati hakuwa na hakika. Alikuwa mtoto mkubwa tu. Mwishowe alisema tusimwambie baba kwanza, tumwache alale.

Basi nikawa nasubiri jiwe. Nilitaka liangukie nyumba ile haraka, ikiwa tupu, kabla msimu wa korosho haujaisha. Kila nikitoka shule nilikuta imesimama, na alama ipo, na sikuwa na la kufanya, kwa sababu zamu yangu nilikuwa nimekwisha kuitumia. Bibi Marta alirudi siku ya soko na nusu gunia la korosho. Nilimwona kupitia dirisha akisimama mbele ya mlango wake na ufunguo mkononi. Hakuweka ufunguo kwenye kufuli. Alikuja kwetu moja kwa moja kumwuliza baba.

Baba alimweleza kuhusu kalavati, kwa huruma, na sasa maelezo yalikuwa marefu zaidi. Bibi Marta alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hatasubiri mashine ije ivunje alichojenga mume wake, atakishusha mwenyewe wakati bado kina faida. Hivi ndivyo wanavyofanya watu wetu wakipigiwa X, bati na milango huokolewa mapema na kuta huachiwa mashine. Baba alikuwa wa kwanza kupanda juu ya paa. Alishusha bati moja moja kwa uangalifu mkubwa, akipiga mluzi, na alikataa katakata kupumzika.

Mimi nilipewa kazi ya kunyoosha misumari. Nilikaa chini na nyundo ndogo na jiwe, Bibi Marta akiwa kando yangu, tukiinyoosha na kuitia kwenye kopo la maziwa. Aliona sisemi. "Usinune, mke mwenzangu," aliniambia. "Mume wetu alinunua misumari mizuri. Hata ikipinda inanyooka." Nikakusanya nguvu zangu zote nikamwuliza, je, kama wale watu wamekosea nyumba? Aliutazama mlango wake uliokuwa umelazwa majanini, X ikitazama juu. "Wale wana vipimo, mjukuu wangu. Hawawezi kukosea nyumba."

Kama kuna dakika moja ya maisha yangu ambayo ningeomba nirudishiwe, ni ile. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini juu baba alikuwa anapiga mluzi, na nilijua nikisema, mluzi utakatika na baba atarudi kuketi kitandani kusubiri kubomolewa. Nikachukua msumari mwingine.

Fuso lilimchukua na bati zake, fremu, mlango na kuku, wakaelekea Maneromango. Zilibaki kuta nne. Kwa siku kumi na moja tuliishi kama watu waliopona, na kwa siku hizo zote hatukuhamisha hata kijiko, wakati majirani wengine wenye alama walikuwa wanatoa vitanda.

Katapila lilikuja asubuhi. Mbele yake alitembea mtu mwenye koti la kung'aa na daftari kwapani. Alipofika kwetu aliangalia daftari, akatuambia tuna dakika za kutoa vitu. Baba alimshika mkono akampeleka ukutani, akamwonyesha pale palipokuwa na alama, akamweleza kwamba walikwisha kuifuta wenyewe. Yule mtu hakuwa mkali. Alionekana amechoka.

"Mzee, mimi sisomi ukuta," alisema. "Nasoma hapa."

Akagonga daftari kwa kidole. Nilikuwa nimesimama karibu nao, na nakumbuka nililitazama lile daftari, jalada lake jeusi lililokunjika pembe, kama mtu anayemwona adui kwa mara ya kwanza. Kumbe ndilo lililokuwa kilimani siku zote. Mama alitoa cherehani. Idrisa alitoa godoro na mkoba wa vyeti, na aliporudi kuchukua kompyuta walimzuia. Baba hakukaa ndani kama alivyoapa. Alisimama barabarani na pajama, akitazama. Nyumba haikuchukua hata muda wa kuchemsha maji. Kisha lile katapila likageuka kando, likazipita kuta za Bibi Marta bila kuzigusa, na nikamsikia yule mtu akimwuliza dereva nani mjinga ameezua nyumba hii, mbona haimo.

Habari zilifika Maneromango haraka kuliko tulivyotaka, na jibu likaja na dereva wa fuso, kwamba twende. Baba alipanga chumba Mlandizi ili asipoteze kazi, Idrisa akabaki naye kwa ajili ya shule, na mimi na mama tukakaa kwa Bibi Marta masika yote. Alikuwa amejenga chumba na ukumbi wa udongo kwenye shamba la wazazi wake. Tulilala chini ya bati zile zile, na mvua ilipozigonga nilizitambua, hata moja yenye tundu nililokuwa nikihesabia nyota enzi za Mlandizi, nikilala kwake. Mama alikuwa akilia kwa shukrani karibu kila jioni. Mimi niliogopa kuingia na kutoka.

Mlango ulikuwa pale, umefungwa kwenye bawaba zake. Bibi Marta alikuwa ametundika kanga kuukuu mbele yake, kuanzia juu hadi chini, na alimwambia mama kwamba hataki kuitazama ile nyekundu kila akirudi shambani. Baba alikuja kila baada ya wiki mbili, akapita pale mara nyingi na hakuwahi kuiinua ile kanga.

Siku moja mama akiwa kisimani, Bibi Marta aliniita. "Njoo nikupime," alisema, kama watu wazima wanavyopima watoto mlangoni waone wamekua kiasi gani. Akaifunua kanga. Akanisimamisha, akanigeuza nitazame mlango, akasema ninyooshe mkono mbele. Nikaunyoosha. Ncha za vidole vyangu ziliangukia katikati kabisa, pale mistari miwili inapokutana.

Aliushika mkono wangu pale pale, kwa nguvu, kwa muda ambao sijui niuiteje. Nilisikia pumzi yake juu ya kichwa changu. Alikuwa amegundua, aliniambia miaka mingi baadaye, siku alipopiga magoti kufunga bawaba ya chini na kuinua uso, akakuta alama imemtazama machoni. Nililia hadi nikashindwa kupumua. Alinifuta kamasi kwa pindo la kanga, akaiachia ishuke, akasema, "Haya. Nenda kamsaidie mama yako ndoo."

Hakumwambia mtu. Lakini kila tulipokwenda kumsalimia, msimu hadi msimu, baada ya shikamoo na marahaba na chai, alinisimamisha mlangoni mbele ya watu wote. Njoo nikupime. Nikanyoosha mkono, na kila mwaka mkono ulipita juu zaidi ya ile alama, na kila mtu akacheka na kusema mtoto amekua. Ipo miaka niliyoona ananisamehe kidogo kidogo. Ipo miaka niliyoona ananiadhibu vivyo hivyo. Nilipokuwa mtu mzima, nikiwa na mimba, nilimwuliza kwa nini hajanisema kwa baba. Alikuwa anachambua korosho, hakuinua kichwa. "Si yangu ya kusema. Siku utakayotaka wewe, mlango upo."

Ndiyo sababu nina ukali na magemu ya siku hizi. Yapo ya hadithi ambayo ukichagua jibu baya, maandishi yanakujia pembeni kukuarifu kwamba fulani atalikumbuka jambo hili. Huwa nacheka peke yangu. Bibi Marta hakuniletea maandishi yoyote, aliniletea uji. Na yapo ya miraba ambayo yanakuruhusu kurudisha hatua, ukiona umekosea unabonyeza na kila mtu anarudi alipokuwa. Marafiki zangu wanayasifu. Mimi nikikuta kitufe hicho nakizima, na nikishindwa kukizima naacha kucheza. Gemu ninayoiheshimu ni ile ambayo mtu uliyemtoa kafara katika sura ya kwanza anakufungulia mlango katika sura ya tisa, akakukaribisha ukae. Nimeipata mara mbili tu, na mara zote mbili sikuweza kuimaliza.

Baba hakuachana na nyumba ile. Alipata kiwanja kingine, akajenga, akastaafu, lakini ndani ya bahasha ya kaki alibeba nakala za barua alizoandika ofisi zote, zikisema kwamba walimfutia alama kwa mikono yao, wakamlaghai asihame, kisha wakambomolea na vitu vyake vikiwa ndani. Alisimulia misibani na harusini. Mama alipokufa alisema ni nyumba ile iliyomuua. Na sasa alikuwa amempata mwenye daftari, mzee mgonjwa wa miguu mwenye banda la kuku, na wajukuu wanaomwita babu kama mwanangu anavyomwita yeye.

Jumapili baba alikuja na bahasha yake. Binti yangu Nuru alimpokea kofia. Tulikula, baba akanisomea malalamiko yote, ukurasa hadi ukurasa, akitaka nimwambie kama Kiswahili chake kimekaa sawa. Kilikuwa kimekaa sawa. Nikamwambia kuna kitu uani kimetoka Maneromango.

Niliugeuza mlango mwenyewe. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Rangi ilikuwa imepauka lakini haikuwa imetoka, na X ilinifikia kiunoni. Baba aliitambua mara moja, akaanza kusema, unaona, unaona ushahidi, huu niupeleke kesho. Akasogea karibu auguse. Ili aiguse ile alama ilibidi ainame, na alipokuwa ameinama hivyo, na mkono ukiwa umenyooka, Nuru akaja kusimama kando yake, akaweka kiganja chake pale pia, bila taabu yoyote.

Baba alikitazama kiganja cha mtoto. Kisha akanitazama mimi. Alibaki ameinama muda mrefu, nikaogopa mgongo wake.

"Ulikuwa darasa la ngapi?" aliuliza.

"La tatu, baba."

Alijinyoosha polepole. Akaiweka bahasha chini, juu ya sakafu yenye maji, bila kuangalia anaiweka wapi. Nilisubiri aniulize kuhusu nyumba yake. Alikuwa anatazama juu kidogo ya mlango, pale ambapo paa la Bibi Marta lingekuwa.

"Tulikula pilau," alisema.